Rangi ya Macho ya Mchawi

Ubao uliowekwa chini ya leza hauliwi na meno kama unavyoliwa na msumeno. Mwanga hukusanywa mahali pamoja mpaka pale unapogusa pashindwe kubaki mbao. Nukta ndogo inageuka moshi, inafuata ya pili yake, na mstari unatembea. Leza inayotumika sana kwa kazi hii huzaliwa ndani ya bomba la kioo lenye gesi ya kaboni dioksidi. Aliyeivumbua, mwaka 1964, katika maabara za Bell nchini Marekani, ni Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati nchini India. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa maikromita 10.6, na jicho la mwanadamu haliuoni. Kinachoonekana ni cheche ya njano pale mbao inapoungua, na kinachoingia puani ni harufu ambayo yeyote aliyekulia karibu na mafiga anaijua: moshi wa kuni.

Katika mji wa kaskazini mwa Marekani ninakoishi, mashine hii imo ndani ya karakana ya maktaba ya umma, na mwenye kadi ya maktaba anaweza kuomba zamu. Ikifika Septemba orodha ya zamu hujaa. Watu wanakata popo, mafuvu, paka waliokunja migongo, nyumba zenye madirisha yaliyopinda, vibao vya kutundika mlangoni. Vyote kwa ajili ya usiku mmoja, tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween. Nami nimo katika orodha hiyo, mtu wa Unguja niliyekulia mahali ambapo bundi akilia juu ya paa hapana anayefikiria kumchora na kumpaka rangi. Hufukuzwa, tena kwa maneno makali. Labda ndiyo sababu kazi hii, ambayo kwa wenzangu wa karakanani ni burudani ya jioni, kwangu imezaa swali: mtu anafanya nini hasa anapokaa mezani, akapanga brashi na rangi zake, akajitengenezea cha kumtisha?

Ubao wenyewe ni plaiwudi ya mti wa birchi, unene wa milimita 3, tabaka zake zimegundishwa huku nyuzi zikipishana ili usipasuke. Kabla ya kukatwa hufunikwa kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, moshi usije ukauachia madoa ya kahawia. Feni huvuta moshi huo na kuupeleka nje kwa bomba. Bila feni hakuna kazi. Plastiki ya PVC ni marufuku kuwekwa chini ya leza, maana ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu ya mtu na kula chuma cha mashine. Na mtu hukaa hapo hapo muda wote, macho yake kwenye ubao, kwa sababu leza iliyoachwa peke yake inaweza kuwasha moto wa kweli.

Kabla ya moto kuna mchoro, na mchoro wa leza una sheria yake. Kwenye karatasi unaweza kuchora duara la jicho, ukatia mboni katikati, na mboni ikakaa pale milele. Kwenye ubao, duara likishakatwa, mboni haina kinachoishika. Inadondoka pamoja na jicho zima. Kila kinachobaki lazima kishikane na kingine. Ndiyo maana wachoraji huacha vijidaraja vyembamba vya mbao, meno ya boga yakashikamana na mdomo, mboni ikaning'inia kwenye kope. Asiyezoea huviona vijidaraja hivyo kuwa dosari. Aliyezoea huanza kuchora kwa kufikiria kitakachoondoka. Fuvu kwake ni matundu mawili, pengo la pua na safu ya meno. Mbao iliyobaki ipo ili kuyazunguka matundu hayo.

Na matundu ndiyo yanayotisha. Fuvu lililochapishwa, lenye macho ya wino mweusi, halimsumbui mtu. Litoboe, litundike mbele ya taa, na kila apitaye anakutana na uwazi ambao hana budi kuujaza mwenyewe. Anaujaza kwa nini? Kwa kilicho chake. Mtoto anatia zimwi la hadithi aliyosomewa jana, mgonjwa anatia majibu ya hospitali anayoyasubiri, aliyefiwa anatia sura anayoijua. Kutoboa ni kumwachia mtazamaji amalizie kazi, naye huimalizia kwa mali ghafi ambayo fundi hawezi kuinunua dukani.

Ufundi huu wa kutisha kwa kutoboa ni mkongwe kuliko umeme. Ireland na Uskoti watu walichokonoa tanipu, mzizi mgumu wa shambani, wakautia macho na meno na kuweka mshumaa ndani, katika usiku unaofunga mavuno na kufungua msimu wa giza. Usiku ambao Wakelti wa kale waliuita Samhain, na ambao katika kalenda ya Kanisa ni mkesha wa Watakatifu Wote. Makumbusho ya Taifa ya Ireland yana nakala ya plasta ya tanipu moja kutoka Donegal, na yeyote aliyeiona, hata kwa picha, atakubali kwamba boga la leo limepoa sana. Njaa kubwa ya viazi ya 1845 hadi 1852 iliwasukuma Waairishi wengi kuvuka Atlantiki pamoja na desturi zao, na Marekani wakakuta boga: kubwa, laini, la rangi ya chungwa, lisilopigana na kisu.

Kisha ikaja karatasi. Kampuni ya Dennison ya Framingham, Massachusetts, ilitoa mwaka 1909 kijitabu chake cha kwanza cha mapambo ya Halloween, na kampuni ya Beistle ya Pennsylvania, kuanzia miaka ya 1920, ikasambaza paka na viunzi vya mifupa vilivyokatwa kwenye karatasi ngumu, viungo vyake vikichezacheza. Sura nyingi zinazokatwa leo karakanani kwa leza zimetoka kwenye karatasi hizo. Zama hizo hizo, usiku wa Halloween ulikuwa wa vijana kung'oa mageti ya watu, kupindua vyoo vya nje na kufungulia mifugo. Mwaka 1920 mji wa Anoka, Minnesota, ulianzisha gwaride ili kuwapa vijana hao shughuli nyingine. Gwaride na karatasi vilifanya kazi moja: kuitoa fujo ya usiku ule vichochoroni, ikapewa mahali pake na saa yake.

Thamani ya jambo hilo naijua kwa kinyume chake. Mwaka 1995, Pemba na kisha Unguja, watu walihama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wamekoka moto, kwa kuhofu zimwi liitwalo Popobawa. Kila aliyesimulia alikuwa na lake. Huyu aliona kivuli cha bawa, yule alisikia harufu, mwingine aliamka amekandamizwa kifuani asiweze kupiga kelele. Hapakuwa na umbo ambalo watu wawili wangekubaliana kulichora. Na hofu isiyo na umbo haielei hewani muda mrefu, hutafuta mwili. Mwaka huo huo mgeni mmoja mwenye ugonjwa wa akili, aliyedhaniwa kuwa ndiye Popobawa, aliuawa na umati mjini Unguja. Kila ninapokata bawa la popo, na mikunjo yake, na ncha zake, namkumbuka mtu huyo. Bawa la mbao limekwisha kuwa na umbo. Halina haja ya kumtafuta mtu.

Kukata kukiisha, kazi imefika nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Utepe unabanduliwa. Kingo zimeungua zikawa nyeusi, na wengi wetu hatuzipaki kitu, kwa sababu hakuna rangi ya dukani yenye weusi wa namna ile. Uso husuguliwa kwa msasa laini, ukapakwa praima: nyeupe ikiwa utabeba chungwa au njano, nyeusi ikiwa utabeba kijivu cha makaburini. Maji yaliyomo katika rangi ya akriliki huziamsha nyuzi za mbao zikasimama kama malaika ya mwili kwenye baridi, basi unarudi kwenye msasa. Ubao mwembamba ukipakwa upande mmoja hupinda, kwa hiyo fundi hupaka na mgongo wake, ijapokuwa mgongo hautaonwa na mtu. Pambo la tabaka kadhaa, mwezi nyuma, mti mkavu katikati, nyumba mbele, hupakwa kila tabaka peke yake kabla ya gundi, maana zikishaungana brashi haifiki tena pembeni. Mifupa huipata sura yake kwa brashi kavu: unachovya rangi ya pembe ya ndovu, unaifuta kwenye kitambaa mpaka karibu iishe, kisha unaipitisha juujuu ya kijivu, ikae juu na kuiachia giza lake mistari iliyochorwa na leza.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Leza iliondoa, brashi inaongeza. Tundu lilimwachia mtazamaji ajaze lake, na rangi inamwambia ajaze nini. Popo akipakwa zambarau na kupewa jino moja jeupe, mtoto mdogo anacheka. Fuvu likichorewa maua ya manjano kwenye paji, kama wafanyavyo Wameksiko kwa Siku ya Wafu, kifo kinaonekana kimealikwa karamuni. Kwa brashi unaweza kuipunguza hofu, na kwa brashi hiyo hiyo unaweza kuielekeza. Kuielekeza ndiko kunakotaka uangalifu.

Hilo lilinijia kwa uwazi nilipofika kwa mchawi. Mchoro wake ulikuwa ule uliozoeleka: kofia ndefu yenye ncha, pua iliyopinda, kidevu kilichochongoka, ufagio. Kielelezo cha rangi kilichokuja na mchoro kilielekeza macho mekundu. Nikachovya brashi kwenye nyekundu, nikaiinua, nikaiweka chini.

Kwa wenzangu wa karakanani macho mekundu ni mambo ya filamu. Kwa Mtanzania ni habari nyingine. Usukumani, katika mikoa kama Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mojawapo ya ishara zinazotajwa dhidi yao ni wekundu wa macho. Wekundu huo hauna siri yoyote. Ni moshi. Ni macho ya mtu aliyeinamia mafiga tangu utotoni akiwapikia wengine, kwa kuni, na kuni zikiadimika kwa samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mashine ya maktaba ina feni kwa sababu walioiunda walijua moshi wa mbao unavyodhuru. Yule bibi hakuna aliyemwekea feni, na madhara ya moshi yalipojitokeza machoni mwake, kijiji kikayasoma kama hati ya mashtaka. Aliyewalisha akahukumiwa kwa alama za kuwalisha.

Marekani nayo ina habari yake. Katika mashtaka ya Salem, Massachusetts, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mzee Giles Corey akafa kwa kurundikiwa mawe kifuani kwa kuwa alikataa kujibu mashtaka. Miongoni mwa walionyongwa alikuwamo Sarah Good, mwanamke fukara aliyekuwa akipita mlango hadi mlango kuomba, na kunung'unika aliponyimwa. Binti yake, mtoto wa miaka minne au mitano, alitiwa gerezani kwa tuhuma hizo hizo. Leo, katika mitaa ya Massachusetts hiyo hiyo, watoto waliovaa kofia zenye ncha hupita mlango hadi mlango kuomba, na wakubwa huwajazia vikapu peremende. Salem yenyewe hufurika wageni kila Oktoba, na mchawi wa ufagio yuko kwenye vibao vya maduka. Hatua chache kutoka kwenye maduka hayo kuna kumbukumbu ya waliouawa, iliyozinduliwa mwaka 1992: mabenchi ya mawe, kila moja na jina la mtu lililochongwa juu yake. Yapo majina, hakuna sura. Naiona busara katika hilo. Watu hao walikwisha kubandikwa sura isiyo yao, na sura hiyo ndiyo iliyowaua.

Je, mchawi wa mbao aachwe basi? Nilielekea huko. Hata pua yake ina historia. Pua ya namna ile, iliyopinda, imechorwa Ulaya kwa karne nyingi ili kuwadhihaki Wayahudi. Kumbe mstari wa leza, niliodhani hauna upande, ulikuwa umembeba mtu kabla brashi haijafika. Lakini kuna jambo ambalo Wamarekani walimfanyia mchawi wao, pengine bila kukusudia, nami naliona kuwa kitendo cha huruma: walimpaka kijani. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, The Wonderful Wizard of Oz, mchawi mwovu hakuelezwa kuwa na ngozi ya kijani. Aliipata katika filamu ya mwaka 1939, alipoigizwa na Margaret Hamilton, wakati ambapo rangi kwenye filamu zilikuwa bado ni kitu cha kujivunia. Tangu hapo barakoa, mabango na vibao vya mlangoni vimemwachia kijani chake.

Na ngozi ya kijani hana mtu yeyote duniani. Hakuna bibi wa kijani Shinyanga, hakuna mama wa kijani Salem. Nyeusi ingemwangukia mtu, nyeupe iliyopauka ingemwangukia mgonjwa, makunyanzi na macho mekundu yangemwangukia kila bibi aliyewahi kupuliza moto. Kijani kinamtoa mchawi kwenye orodha ya majirani. Basi nikauchora upya mchoro, pua nikainyoosha, nikakata mwingine, nikampaka kijani cha embe bichi. Macho nikayatia njano yenye mboni ya wima, macho ya paka, ambayo hakuna jiko linaloweza kumpa binadamu.

Nimesikia ikisemwa, na Waislamu wenzangu na Wakristo pia, kwamba mapambo haya yanamwalika shetani. Sibishani na anayejizuia kwa imani yake. Kujizuia ni njia safi. Ila waliomnyonga Sarah Good hawakuwa watu wa kuchezea uchawi. Waliuchukulia kwa uzito wote, na kwa uzito huo huo wakautafutia mwili.

Pingamizi lililonigusa zaidi lilitoka kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa makamo kutoka Bukavu nchini Kongo, aliyefika Marekani kwa njia ya kambi ya wakimbizi. Aliyakuta mapambo yangu yamepangwa barazani yakauke. Kwa Kiswahili cha kwao akaniuliza: sisi tuliwakimbia maiti, nyinyi hapa mnawatundika milangoni kwa furaha, mmeshiba amani kiasi gani? Nikamjibu, "Mama, ni mchezo tu wa watoto." Lilikuwa jibu jepesi, naye alilipima akaona uzito wake. Fuvu ni pambo kwa mtu ambaye mafuvu yote aliyoyaona ni ya mbao na karatasi. Wapo ambao hakuna maua ya manjano yatakayoifanya mifupa icheke machoni mwao, na mtu anayetundika kitu mlangoni anakitundika mbele ya macho ya watu hao pia. Mlango wangu unatazama ngazi anazopanda mama huyo. Mafuvu hayakai tena hapo. Yanakwenda kwa marafiki wenye watoto upande wa pili wa mji. Popo wapo, boga lipo, mchawi wa kijani yupo. Huyo mama alimtazama kwa muda, akamgeuza na kuangalia mgongo wake uliopakwa, akasema maishani mwake hajawahi kuona mtu wa namna hiyo. Ndilo nililotaka kusikia.

Mbao ina tabia moja ambayo plastiki ya dukani haina: inarudi. Novemba ikiingia, mapambo mengi ya bei rahisi huishia kwenye mapipa ya taka, na watu hununua mengine mwakani bila kukumbuka ya jana yalifananaje. Kilichokatwa, kikapigwa msasa na kupakwa kwa mkono huandikwa mwaka nyuma yake, kikafungwa kwa karatasi na kuhifadhiwa. Oktoba inayofuata kinatolewa, na uamuzi wa rangi uliofanywa mwaka jana unatazamwa upya na watu wengine: mtoto aliyekua, mgeni aliyehamia, mjane mpya wa mtaani. Kila mwaka pambo linapimwa upya kwa macho yao, na rangi iliyofaa mwaka juzi inaweza isifae mwaka huu.

Kwa hiyo sidhani kwamba tunajitengenezea vitisho ili tusiogope. Tunaogopa vile vile. Tunachotafuta ni kuipa hofu sura ya kukaa nayo, isije ikajichagulia. Mashine itatoboa chochote itakachochorewa, na kwa usahihi ule ule. Anayechora na anayepaka ndio wenye kuulizwa: sura hii ni ya nani? Ikiwa ni ya mtu anayeweza kupita hapa kesho asubuhi na kikapu chake akielekea sokoni, rangi bado haijafaa, na kibao kirudi kwenye msasa.